Batiki iliyopoteza HA

Mwenzangu, nimeaibika, sijui nicheke au nilie.

Mwenye jengo alikuja kutufukuza karakanani. Sijamsamehe tangu alipotufungia maji tukiwa na rangi mpaka viwikoni. Nikamkunjulia batiki yangu ya maua, bado mbichi, sote tukainua ngumi.

Nta huzuia rangi, nami kwa nta niliandika HATUTAHAMA. Kumbe pale mwanzo nta ilikuwa imepoa, haikushika kitambaa, rangi ikameza HA yote.

TUTAHAMA. Mwenzangu, TUTAHAMA, herufi kubwa kama milango.

Akasoma kwa sauti. "Ahsanteni sana. Lini?"

Wifi yangu, tuliyeshika naye kitambaa, akaninong'oneza, "Tumekwisha."

Nikamjibu mwenye jengo, "Kwani, mzee, umeona tarehe hapo?"

Akavaa miwani. Mpaka sasa anaitafuta kwenye maua.