Herufi Aliyoiacha Mzee Wino

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile goti lako linalotabiri mvua kuliko redio limetulia. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu.

Nilipokutumia kile kitabu cha darasa la kwanza, uliwaambia majirani kuwa herufi zile zimechorwa na bintiyo. Acha nikueleze zilivyochorwa.

Mzee Wino, fundi aliyenifunza kazi hapa kiwandani, tunapochora herufi za kuchapia vitabu, alikuwa akiunda fonti mpya, yaani seti nzima ya herufi, ya mtindo wa kizamani: mistari minene na myembamba, na vijiguu kwenye ncha. Alisema vijiguu hivyo hulishika jicho la msomaji na kulivusha hadi mwisho wa mstari, ndiyo maana herufi hizo zinafaa vitabuni, kwenye vyeti, hata kwenye mawe ya makaburi. Akikagua kazi yangu alikuwa akisema, "Binti, herufi yako imesimama kwa kidole kimoja. Ipe miguu!" Yeye mwenyewe hakuwahi kuchora mbele yetu. Tulidhani ni maringo ya mafundi.

Herufi zilikamilika zote isipokuwa g. Siku hiyo tulipokwenda kula mchana, alibaki. Tuliporudi tulimkuta kaketi, baridi kama jiwe, macho kayakodoa upande wa pili wa meza, pasipo na mtu.

Baada ya mazishi, bosi aliniambia niimalize g. Wiki nzima nilichora vijiko vilivyopinda. Ijumaa niliacha karatasi tupu, nikafunga mlango, nikaenda kula, ufunguo nikiwa nao mfukoni. Kurudi, g ilikuwa pale, wino mbichi. Bosi aliyeingia nyuma yangu akaitazama, akasema kweli Mzee Wino kaacha mrithi. Nami nikapokea sifa, mama, nikapokea na kiti cha mzee.

Juzi nilikwenda kwa mjane wake nikaungama kwamba herufi ile si yangu, ni ya roho ya mumewe. Hakushtuka. Alinimiminia chai, akasema mikono ya mumewe ilitetemeka miaka saba, hata vifungo vya shati yeye mkewe ndiye aliyemfungia. Kila mchana mzee aliacha karatasi tupu. Akirudi, anakuta herufi. Ya nani, hakujua. "Ila asubuhi ile," akasema, "aliniaga kwamba leo haendi kula. Anataka kuona."

Sasa bosi anataka herufi za mlalo, zile zinazoinama upande, seti nzima. Nimekubali, mama. Ningekataa, kiti kingempata mwingine, na huyo asingejua kwamba hapaswi kubaki mchana.

Ninakuandikia mgahawani. Sahani imeshaondolewa, lakini saa ya chakula haijaisha, nami sithubutu kurudi mapema.

Nisalimie kaka, na shangazi mwambie kitambaa kilifika. Majirani usiwaambie kitu.

Ni mimi kitindamimba wako, nisiyejua kuchora g.