Misale ya Neema

Limeruka, Baba Neema! Kombora la binti yako limeruka juu ya bahari na kuipiga meli kuukuu waliyoiweka iwe shabaha! Limetengenezwa hapahapa Kanada, wala si la kununua, na ile mitambo ya kuliongoza ni kazi ya Neema na wenzake. Taarifa ya habari imeonyesha. Nimegonga milango ya ghorofa nzima hapa Crescent Town. Hata jirani yetu Mbengali, asiyejua neno la Kiswahili, nimemvuta mkono aje atazame.

Nisamehe, mume wangu, hata sijakusalimu. Huko uliko umelala salama?

Ungecheka. Muda wote huu nimetangaza kanisani kwamba mwanangu anatengeneza misale. Si mwenyewe aliniambia kwenye simu, kwa kile Kiingereza chake cha mbio, "missile"? Mimi nikajua vitabu vya misa. Mama Gaudensia akauliza, "Za Kiswahili au za Kilatini?" Nikamjibu, "Za lugha zote, mama, huyo ni mhandisi!" Akaagiza na yake. Neema alipokuja akanivuta pembeni. "Mom, stop. Si kitabu. It's for ships. Kupiga meli."

Meli. Nikakaa chini.

Unakumbuka Tanga, ulivyokuwa ukirudi safari na grisi kwenye kucha, unampakata Neema mnasikiliza friji? "Inakohoa hiyo," unamwambia. "Sisi wa chumba cha mashine melini tunaona kwa masikio. Kitu kikitaka kukudhuru, kitapiga kelele kwanza." Naye anabandika sikio mlangoni, kimya, kama daktari. Uhandisi wake ulianzia pale. Hao maprofesa wa chuo kikuu cha kule mtaa wa Jane na Finch walimalizia tu.

Sasa hili kombora lake linakwenda kasi kuliko sauti. Nilimwuliza maana yake nini. Akasema likifika, mlio wake bado uko njiani.

"Na wale walioko chini, kwenye mashine?"

Halafu mtoto huyu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akasema polepole, "Mama, baba angefurahi?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikajifanya maharage yanaungua.

Tangu hapo situlii. Nafua nguo safi. Nashuka na lifti, nafika chini, nimesahau nilichofuata. Najivuna, maana ni haki yangu kujivuna, kisha naiona picha yako ukutani na ile ovaroli ya bluu, najikuta nanong'ona na ukuta. Ningeweza kumwambia "angefurahi sana" yakaisha. Lakini nakujua. Ungemnyanyua juu, mtu mzima vile, ungepiga vigelegele kunishinda. Halafu ungemkalisha umwulize swali lilelile langu, na usingeondoka mpaka ajibu.

Basi nitamwambia yote mawili, nisipunguze hata moja. Nitamwitia jikoni, pilau ikiwa bado motoni. Friji yetu nayo imeanza kukohoa. Nitamwambia aisikilize kwanza.

Mama Gaudensia anakuja, kwaya inakuja, Mbengali na wanawe wanakuja. Nawe usikose, kwa njia yoyote unayoijua. Karamu ya kumpongeza ni Jumapili hii, misa ya pili ikitoka.

Mkeo asiyetulia,
Mama Neema