Goma Ni Saa Moja kwa Ndege

Jumatatu, 3 Machi
Nimevuka tena mto kwenda mjini. Siku ya nne sasa. Kwenye ajanse, wanakouza tiketi za ndege, jibu ni lilelile: kiwanja cha ndege cha Goma kimefungwa, vita. Zamani ilikuwa saa moja tu. Unafunga mkanda, unakunywa soda, unashuka.
Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa, amelazwa huko. Figo. Binti yake Sylvie amepiga simu: "Mama mudogo, anakuita wewe tu."
Nitakwenda kwa pikipiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimemdanganya Mama. Haoni tena, na moyo wake hauna nguvu. Nimemwambia nimepata ndege. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea. Nimeona aibu.
Njia ya Punia ni matope matupu. Dereva, Papa Amisi, hasemi sana. Afadhali.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Tumeisukuma pikipiki zaidi kuliko kuipanda.
Namuwaza Baba. Alikufa kwetu Alunguli wakati wa vita ile ya zamani, Yaya akiwa Goma. Treni zilikuwa zimesimama, barabara zimejaa askari. Tulimzika bila yeye. Barua yake ilifika baada ya miezi: "Mulimuzika kama vile mimi si mutoto wake." Nilikasirika. Sikujibu. Baadaye tuliongea mengi, harusi, watoto, bei ya mchele. Juu ya kaburi lile, kamwe.
Nataka kumwomba msamaha nikiwa nimemshika mkono. Si kwa simu.

Alhamisi, 6 Machi
Tumefika Obokote. Watu wanatoka mbele na magodoro kichwani. Papa Amisi amezima injini.
"Mama, kule mbele iko masasi, bunduki zinalia. Mimi njo naishia hapa."
Nimemsihi. Nimelia mbele ya watu. Amekataa. Ana watoto, ana haki.
Saa saba mchana rezo ya simu ikapatikana, kilimani. Sylvie. Yaya amekufa jana asubuhi. Familia inauliza kama wanaweza kuningoja, na siku ngapi.
Nilitazama barabara. Sikuwa na siku za kuwapa.
Nikasema, "Musiningojee. Mumuzike."
Mimi. Kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Tunarudi.

Jumapili, 9 Machi
Nimefika nyumbani baada ya misa. Mama alikuwa amekaa mlangoni, anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa vidole. Nilipiga magoti nikamweleza yote: kifo, pikipiki, uongo wangu.
Vidole vikasimama.
"Nilijua haukupanda ndege," akasema. "Siku ile nilisikiliza juu mpaka jioni. Hakuna iliyopita."
"Mama, unisamehe."
"Walimuzika muzuri?"
Nikasema ndiyo. Sylvie alinieleza kwa simu nikiwa njiani: kanisa lilijaa, wanakwaya wenzake waliimba mpaka kaburini.
"Basi."
Machozi yake yalitoka bila sauti. Aliyafuta kwa ncha ya kitenge.
Majirani wameanza kuingia, wanakaa chini kwenye mikeka. Mama amesema nioge kwanza, nile, kilio kitaningoja.
Nimeoga. Nimekula kidogo. Sasa nimekaa karibu naye.