Senti Zenye Tundu za Nkambo Mwavita

Kamina, karibu na gare ya treni,
14 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Fadhila,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta Kigoma ukiwa mzima, na kwamba goti lako limekuruhusu kurudi sokoni. Sisi hapa tuko salama. Baba alishikwa na malaria, akapona, na sasa ameanza tena kugombana na redio. Mvua zimekuja kwa nguvu. Nguo zinashinda kambani na bado hazikauki.

Mvua hizo ndizo zinazonifanya niandike. Tangu Nkambo Mwavita, mama yenu, alipotutoka, ukanda wake uko kwangu. Unaukumbuka: senti za shaba za wakati wa Wabelgiji, zenye tundu katikati na nyota, moja kwa kila mtoto aliyemzaa, kwa mfuatano wa kuzaliwa, kila moja imefungwa kwa fundo lake kwenye ukanda mwembamba wa ngozi. Mwezi uliopita niliukunjua nikakuta kijani kimeota kwenye matundu, kama ukungu kwenye mkate.

Kosa ni la ngozi. Hushika unyevu, na ndani yake hubaki asidi ya tangu ilipotengenezwa. Nilianza kutafuta mahali pengine pa kuziweka. Sanduku la mbao la Baba lina harufu kali, nikaliacha. Sokoni nilipata albamu ya mifuko laini ya plastiki, inayopendeza macho. Nilipasha waya wa shaba kwenye makaa, nikaugusisha kwenye plastiki ile, nikauingiza kwenye moto wa mshumaa. Moto ukawa wa kijani, alama kwamba ina klorini. Plastiki ya namna hiyo hutoa mvuke unaokula shaba polepole. Mama, ambaye senti zote huziita makuta, alikuwa amesimama mlangoni.

— Zuena, weye utaunguza nyumba juu ya makuta yenye haitupatie hata chumvi!

— Mama, minyi napima tu.

— Pima muchele, iko naungua!

Wali ulikuwa umeungua kweli. Tuliula hivyo hivyo.

Mwishowe nilichagua vifuko vidogo wanavyotilia vidonge kwenye famasi. Havina harufu, na moto wake haukugeuka rangi. Kila kimoja kinaingia senti moja, na vyote viko kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mama alitaka kwanza azisugue kwa ndimu na majivu kama sufuria. Nilikataa. Ndimu huondoa kijani pamoja na shaba yenyewe.

Lakini ili senti iingie kwenye kifuko, lazima fundo likatwe. Mafundo ni ya mikono yake, na hakuna atakayeyafunga tena. Niliwauliza ndugu zako wote, wakakubali. Baba alichukua wembe akakata lake mwenyewe, kisha akatoka nje.

Limebaki la kwako.

Siku ya matanga ulisema kwenye simu kwamba Nkambo alikwisha kukusahau tangu ulipovuka ziwa. Sasa nimezitazama senti zote kwenye mwanga. Ya kwako nyota yake imefutika kabisa, na za wengine bado zinaonekana. Tunduni, kijani chake kimezidi cha zote, na ngozi ya hapo ni nyeusi. Jasho la vidole ndilo linalofanya hivyo, jasho la miaka mingi. Siandiki haya ili kukuliwaza. Ndivyo shaba inavyofanya ikishikwa sana.

Kwa hiyo sijaikata. Ukisema nikate, nitakata. Ukitaka kulifungua fundo kwa mikono yako, njoo upesi, maana kila mvua inaongeza kijani.

Nisalimie mumeo, Bwana Moustapha, na binti yenu, dada Salima. Baba na Mama wanakusalimu. Baba amelisema jina lako mara mbili leo asubuhi, bila sababu.

Mungu akulinde, na akutulizie ziwa siku utakayovuka.

Mtoto wa kaka yako akupendaye,
Zuena