Mama Anavuka kwa Zakaria

Jumanne, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Leo tena. Mama kamaliza kula, kajifunga kitenge, kavuka njia kwa jirani yetu Mrundi, Zakaria, kutazama kwaya kwenye kompyuta yake. Kwaya ileile imo kwenye kompyuta yangu, hapa mezani.

Ya Zakaria ilitengenezwa na fundi wa mjini Mbarara. Yangu nimeiwekea mfumo wa Linux mwenyewe, siku tano, nikinakili amri mojamoja kutoka kwenye simu mpaka programu ya video ikakubali kuingia. Nyimbo nimezipanga kwa alfabeti. Anayejua uzuri wa kazi hiyo ni mimi peke yangu.

Nikamfuata, nikijifanya naomba chumvi. Laiti ningekuta mashine kubwa kuliko yangu, ningelala vizuri. Kumbe kioo cha yake kimepasuka pembeni. Lakini kipanya kilikuwa mkononi mwa mama, anabonyeza, anakosea, na Zakaria anacheka tu: "Bonyeza tena, mama. Haiumi."

Tukirudi nikamuuliza kule kuna nini.

"Kwako kuko muzuri," akasema. "Lakini niko mugeni. Kila saa unasema: mama, usiguse."

Kweli. Naogopa asije akafuta kitu nisichojua kukirudisha.

Basi nimeweka picha kubwa kwa kila wimbo, maana hasomi, na kipanya nikakihamishia upande wake. Kabonyeza mara tatu, kwaya ikaanza. Kafurahi sana.

"Kesho uende kwa Zakaria," akasema, "umutengenezee na yake hivi."

Nimejibu nitakwenda. Mwezi gani, hakuuliza.