Siku Nilipoitwa Mjane Wako

Papa Ramazani,

Nakuandikia mlango umefungwa kwa komeo, na bado kila viatu vikipita barabarani naacha kalamu nasikiliza. Ungekuwapo ungenicheka. Ungesema, "Mama Neema, we unaogopa mpaka kuku." Haya, naogopa mpaka kuku. Lakini safari hii nina sababu, na sababu yenyewe inakuhusu. Kuna mtu mmoja tu ambaye angesema ukweli wangu akaaminiwa, na mtu huyo tumemzika.

Papa, lupango lote, ua wako mzima na wapangaji wake, linasema mimi nilikuwa mke wako.

Usishtuke huko uliko. Mi nimeshashtuka kwa ajili yetu sote wawili.

Ilianza siku ile ile walipokuleta kutoka gereji yako kule mtaa wa Asiatique umelazwa nyuma ya pikapu, mikono yako bado ina mafuta ya gari. Mambo yenu Waislamu yanakwenda haraka. Kwetu maiti tunakaa naye, tunaimba, tunalia mpaka sauti inakauka. Ninyi, kabla sijaelewa kwamba umekufa kweli, wanaume walishakubeba kwenda makaburini, na sisi wanawake tukabaki tunatazamana uani. Nikakimbilia chumbani kutafuta nguo ya msiba. Nguo gani, Papa? Vitenge vyangu vyote vina maua na ndege. Kitu pekee kisicho na urembo kilikuwa shuka langu jeupe la kitandani. Nikajifunga hilo, nikafunika kichwa, nikakaa kwenye mkeka. Sikutoka. Sikukaanga mandazi. Mama yangu alipofiwa na baba yake kule Baraka, ng'ambo ya ziwa, nilimwona akifanya hivyo hivyo, na katika mji huu wote mi sikuwa na baba mwingine.

Nani angeniambia? Nani angeniambia kwamba hapa Buyenzi, mwanaume akifa, anayevaa nyeupe tupu na kujifungia chumbani ni mkewe, amekaa eda? Kanisani kwetu hakuna eda. Hata neno lenyewe sikulijua.

Basi wakaniona. Wakaona mlango wa mkeo, Mama Zubeda, umefungwa, mjane ndani, amevaa nyeupe. Wakageuka wakaona mlango wa Mkongomani nao umefungwa, naye ndani, amevaa nyeupe. Hesabu wakaimaliza wenyewe. Na kilichozidi kuniharibia ni kwamba wiki haijaisha mi nilishalivua shuka nikarudi kwenye karai langu la mandazi, maana Neema lazima ale. Kumbe hapo ndipo waliposema mabaya zaidi. Nilikuwa mke wa siri, halafu hata eda yenyewe nimeshindwa kukaa! Leo naweza kucheka kidogo nikiandika hili. Siku zile sikuelewa kitu. Niliona tu wanawake wananipandisha na kunishusha kwa macho, nikipita wananyamaza, nikishapita wanaanza tena.

Niliogopa, Papa. Unajua karatasi yangu ya ukimbizi ilishaisha muda, na ulikuwa umesema utanisindikiza kwenda kuomba nyingine. Nikawaza, sasa Papa hayupo, mke wake atanitoa. Atamwambia shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa, kwamba ana mtu asiye na karatasi kwenye lupango lake, nitapandishwa lori na mtoto wangu, tupelekwe huko mbali ambako hata mto wa kufulia sijui uko wapi. Na baba yake Neema, kama bado anapumua, akivuka siku moja kututafuta, atatupata wapi? Usingizi ulinikimbia. Chakula nikakiona kama mchanga.

Mama Zubeda nilikuwa nimeshamhukumu tangu siku niliyofika, unakumbuka. Alisimama mlangoni na lile jino lake la dhahabu, akanitazama, akamtazama Neema, akaingia ndani bila neno. Nikajiambia, huyu ni wale wenye mji, wanaotuona sisi tuliovuka kama uchafu wa kwenye kiatu. Nilikuambia hivyo pia, mara mbili tatu. Ulinijibu, "Mama Zubeda hana ubaya. Ni we hujamujua bado." Nikasema moyoni, mwanaume gani atamsema mke wake mbele ya mpangaji? Sikukuamini.

Jirani mmoja aliponieleza mambo ya eda, kwamba mjane hatoki, hajipambi, hakai na wanaume wa nje, nikapumua. Nikadhani ndiyo sababu hanisalimu. Lakini wanawake wenzake wanaingia! Wanaingia na uji, wanaingia na wali, wanakaa humo mpaka magharibi. Ni mimi tu nisiyeitwa. Siku moja nikajipa moyo, nikapanga mandazi ya moto kwenye sahani nzuri, nikampa mdogo wake Asha ambaye amehamia kumhudumia. Sahani ikarudi imejaa vile vile, imefunikwa na kitambaa changu, na Asha hakunitazama usoni. Hapo nikajua nimekwisha.

Sasa nikusimulie asubuhi ile ya msako.

Nilikuwa nasuka nywele za Neema uani. Mara nikasikia mwanamke analia barabarani, halafu mlango wa bati unagongwa kwa nguvu kwa jirani. Mtu akapita mbio akisema, "Wanapekua! Wanaomba karatasi!" Papa, niliinuka. Kitana kilikuwa bado kwenye nywele za mtoto. Nilitaka kukimbia, lakini lupango lako lina mlango mmoja tu, na sauti zao zilikuwa zinatokea huko huko. Neema akaniuliza, "Mama, tunavuka tena?" Anajua, mtoto huyu. Mtoto mdogo hivyo anajua neno kuvuka kuliko anavyojua nyimbo za shule.

Ndipo nikaona pazia la Mama Zubeda linatikisika. Mkono ukatoka, ukanikamata hapa juu ya kiwiko, ukavuta. Haki ya Mungu, nilidhani ananishika ili anitoe. Nilidhani ananipeleka mwenyewe mbele yao, alipe chuki yake yote siku moja. Nilijaribu kujitoa. Ana nguvu, mke wako! Alituvuta wote wawili mpaka ndani, akanisukuma chini kwenye mkeka, akanitupia nguo yake nyeupe ya pili, akanifunika kichwa mpaka usoni. Neema akamweka katikati yetu. Kisha akakaa, bega lake likagusa langu, akachukua tasbihi. Nilisikia moyo wake unapiga. Ulikuwa unapiga kama wangu.

Askari wakaingia uani. Nilisikia wanafungua chumba changu, wanasukuma karai. Mmoja akauliza humu kuna nani. Asha alikuwa amesimama mbele ya pazia, na alisema kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia, "Humu muna wajane wawili wa marehemu. Wako kwa eda. Mutawaingilia?"

Wajane wawili.

Neema alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Halafu sauti ya mtu mzima ikasema, "Mutuwie radhi, mama zetu. Poleni na musiba." Na viatu vikageuka, vikatoka, vikaenda kugonga kwa watu wengine. Kule hawakuwa na pazia la kusimama mbele yake. Wamemchukua muuza kwanga wa kona ile, yule wa mikate ya muhogo, wewe unamjua, na mimi nilikaa pale kwenye mkeka namshukuru Mungu huku namsikia akilia. Hilo nalo linanikosesha raha.

Walipokwenda, Mama Zubeda aliinuka akaninywesha maji kwa mkono wake. Akasema bila kunitazama, "Mi sikupendi. Lakini muke wa bwana yangu hawezi kuburutwa barabarani nikiwa napumua."

Papa, hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mpigo, shuka langu, sahani iliyorudi, macho yote yale. Fikiria nilivyokuwa. Nikisema ukweli, amenificha bure, anaweza kuwaita warudi kabla hawajamaliza avenyu. Nikinyamaza, nimekula jina la mke wako, na kesho watoto wako watanigawia nyumba isiyo yangu, na huyu mama ataishi mpaka kufa kwake akiamini ulimficha mwanamke hatua chache kutoka kitandani kwake. Naogopa, mi ni mwoga, unanijua. Lakini bega lile lilikuwa limegusa langu. Nikasema, "Apana, Mama. Mi sikuwa muke yake. Hata siku moja."

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Alisema alikuwa anatusikia kutoka jikoni kwake, kila jioni ukishatoka kuswali alasiri, umekaa kwenye benchi mlangoni kwangu. Alikuwa anasikia tunaongea lugha asiyoijua na tunacheka. "Mwanaume anajifunza luga ya mwanamuke kwa sababu moja tu," aliniambia. Akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza. "Mulikuwa munacheka nini?"

Nilimwambia, Mama, hakujifunza kwangu. Kibembe chetu alikuwa nacho. Ni cha mama yake.

Hakujua, Papa! Amezaa nawe, amekufulia maovaroli miaka na miaka, hakujua! Mi nilipoona unageukia Kiswahili kila mtu akipita, nilidhani ni adabu tu, hutaki kumtenga mtu. Kumbe ulikuwa unajificha. Nikamwambia yote. Kwamba ulizaliwa ng'ambo, mama yako akakuvusha ukiwa mgongoni. Kwamba maneno yalikuwa yanakupotea moja moja, ukija unaniuliza, wale samaki wadogo tunawaitaje, muhogo ukilowekwa ukalainika tunasemaje, mama akimfukuza mtoto jikoni anamwambia nini. Kwamba ukikosea nilikuwa nacheka mpaka machozi, na wewe unarudia kama mtoto wa darasa la kwanza, unakosea tena. Hicho tu ndicho kilichokuwa kwenye benchi lile. Maneno ya jikoni ya mama yako.

Aliiweka tasbihi chini. Kisha akaniambia kwamba ulipokwenda kumposa, baba yake alisema mbele ya watu kwamba binti yake hampi mtu aliyevuka maji na kifurushi, na wewe ukaapa kwamba ninyi ni wa Buyenzi tangu babu zenu. Yeye alikuwa msichana, alikuwa nyuma ya mlango na dada zake, na walicheka. Alicheka pamoja nao. Ulimsikia, ama sivyo? Nadhani ulimsikia.

Aliniambia, "Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ananiogopa mimi." Akajifunika uso na nguo ile nyeupe akalia, na siyo kilio cha siku ulipokufa, kile cha kusikiwa na majirani. Hiki kilikuwa cha chini chini. Mimi pia nilikuwa namwogopa, na nilimwogopa kwa jino lake na kwa namna anavyosimama mlangoni.

Nilisema nitatoka niwaambie watu sikuwa mke wako. Alinikatalia. Alisema nikisema leo, kesho watarudi, na safari hii hawatasimama kwenye pazia. "Waache waseme bwana yangu alioa mara mbili. Masikio ni yangu." Unajua hilo lina bei gani kwa mwanamke wa Buyenzi, tena mwenye heshima kama yake. Wanawake wanampa pole mbili sasa, moja ya kufiwa na moja ya kufichwa, naye anazipokea zote mbili, anainamisha kichwa.

Kwa hiyo niko hapa. Mchana nakaa naye kwenye mkeka, nimevaa nguo yake. Asha amenisamehe nusu, ananiletea uji lakini bado hacheki. Jumapili binti yenu Zubeda anashuka kutoka mtaa wa Kinanira na mume wake, na ameshasikia. Nilianza kumpangia ubaya wake wote, jinsi atakavyoshuka kwenye gari lao, atakavyonitukana. Nikajishika. Sijawahi hata kumsalimu. Mama yake anasema atamweleza ukweli mlango ukiwa umefungwa, na kwamba Zubeda ana hasira za haraka lakini zinaisha. Namwamini mama yake. Kuogopa bado naogopa.

Nakuahidi hili, Papa. Siku nikipata karatasi mpya, siku hiyo hiyo nitasimama katikati ya lupango, nitaita wanawake wote kwa majina, nitamrudishia Mama Zubeda mume wake mzima mbele yao. Nitasema nilikuwa mtoto wa kwao tu, basi. Wakicheka wacheke. Na kama watarudi kupekua kabla ya siku hiyo, nitafanya alivyonifundisha, nitakaa, nitainamisha kichwa, na nitamwombea muuza kwanga.

Pumzika, Papa. Nakuombea kwa namna ya kwetu, na mkeo anakuombea kwa namna yenu, chumba kimoja. Nimekukasirikia sana wiki hii, nakuambia wazi. Ungemwambia tu. Angekucheka siku moja, halafu angekwenda sokoni kutafuta sombe, ile mboga ya kwetu ya majani ya muhogo, akupikie.

Ni mimi,
Mama Neema