Bi Dakika Kumi, Uliyeingoja Hewa Ipande

Mwaka umetimia tangu ututoke, na bado kila asubuhi tunatega sikio tukitarajia kukusikia ukipiga pasi sare yako nyeupe. Ulikuwa na miaka arobaini na mmoja. Ugonjwa haukukupa hata wiki mbili.

Familia imenikabidhi mimi, bibi yako, kalamu hii, kwa kuwa wanaamini sitalia katikati ya sentensi. Wamekosea, lakini kalamu siirudishi.

Kwa miaka kumi na saba ulipiga picha za eksirei katika chumba kisicho na dirisha, mwisho wa ujia wa hospitali. Wazee waliotakiwa kuegemeza kifua kwenye bamba baridi uliwatandikia kwanza kitambaa. Wenye hofu uliwaita “mama yangu” na “baba yangu”. Waliojitia ujuaji uliwanyamazisha kwa amri ya kazi yako: “Vuta pumzi. Usiseme.”

Jina la Bi Dakika Kumi ulibandikwa na wenzako kwa dhihaka. Sisi tunalitaja kwa fahari, na tunataka wasomaji wajue lilikotoka.

Asubuhi moja aliletwa fundi wa kuchomelea mageti, akisindikizwa na mkewe. Tumbo lilikuwa limemkamata ghafla jana yake, kama aliyechomwa kisu. Daktari kijana, ambaye wagonjwa wake walijaa ujia mzima, alitaka picha ya haraka. Ulimlaza fundi, ukapiga. Picha haikuonyesha kitu. Daktari akamwandikia dawa ya gesi na kumruhusu aende nyumbani.

Ulipochungulia nje ulimwona akiondoka, amejikunja, akinyata kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Ukawakimbilia, ukamuuliza mkewe amekuwa akimeza nini.

“Dawa za maumivu ya mgongo, dada. Asubuhi na jioni, mwezi mzima sasa. Na chakula hagusi.”

Uliweka kiganja tumboni mwa fundi. Lilikuwa gumu kama ubao. Ukamrudisha ndani, ukaenda kwa daktari.

“Daktari, nimekosea. Nilimpiga picha amelala. Naomba nirudie akiwa amekaa wima.”

“Dada, picha ni safi. Foleni hiyo unaiona?”

“Naiona. Nipe dakika kumi.”

“Dakika kumi! Unapiga picha au unaatamia mayai?”

“Ninangoja hewa ipande, Daktari. Kifaranga kikitoka nitakuita.”

Ujia mzima ulicheka. Wewe ulivaa aproni nzito ya madini ya risasi, ile ya kukinga mionzi, ukamkalisha fundi kitandani na kumwegemeza begani mwako.

“Dada yangu, nilaze tu, nakufa.”

“Hufi mikononi mwangu, kaka. Niegemee. Mimi si mwepesi, hutaniangusha.”

Jioni ile, mezani, kaka yako alipouliza dakika hizo zilikuwa za nini, ulichukua chupa ya maji iliyopungua kidogo. Uliposimamisha chupa, hewa ilikusanyika shingoni, kila mmoja akaiona. Ulipoilaza, ilitandaa ubavuni hata tukaanza kubishana iko wapi. Ndivyo lilivyo tumbo, ulisema. Kidonda kikitoboa ukuta wake, hewa huponyoka na kuelea nje ya matumbo, mahali isipotakiwa. Mgonjwa akikaa wima, hewa hiyo hupanda hadi chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Asiyeweza kukaa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, ili hewa ionekane juu ya ini.

Kule hospitali, dakika kumi zilipotimia ulipiga picha ya pili. Upande wa kulia, chini ya kiwambo, palionekana utepe mweusi, mwembamba kama mwezi mchanga. Ulimwita daktari. Aliitazama picha, hakutania tena.

Fundi alizuiwa kula na kunywa. Aliwekewa dripu na dawa za kuua vijidudu, mpira ukapitishwa puani hadi tumboni ili kulipunguzia tumbo mzigo, na kabla ya adhuhuri alikuwa chumba cha upasuaji. Kitundu kilichoshonwa kilikuwa kidogo kuliko punje ya choroko.

Siku ya nne picha nyingine ilionyesha hewa kidogo bado, na mkewe akaanza kulia ujiani. Ulimketisha. “Mama yangu, hii iliingia tumbo lilipofunguliwa. Itaisha yenyewe. Usiitazame picha tu, mtazame mumeo: homa hana, tumbo ni laini, na tangu asubuhi anadai uji.”

Ungeweza kunyamaza siku ile. Hakuna aliyejua kwamba picha ya kwanza ilipigwa vibaya, na kosa hilo lingezikwa pamoja na fundi. Ulilitamka mbele ya ujia uliojaa watu, ukachekwa, ukaendelea na kazi. Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne. Sikumbuki kama niliwahi kukusifu ana kwa ana. Nilidhani sifa zitakulegeza. Basi nakusifu hapa, mbele ya watu wote: ulikuwa hodari, mjukuu wangu, na ulikuwa mkweli.

Siku ya mazishi daktari yule, ambaye sasa ana mvi, alitushika mikono na kusema, “Mgonjwa yule nilikwisha kumpeleka nyumbani akafe.”

Tunaokukumbuka ni mumeo, anayepiga pasi sasa na kuunguza kola, wanao wawili, baba na mama yako, kaka yako, shangazi zako, wenzako wa chumba kisicho na dirisha, na mimi bibi yako. Fundi wa mageti alikuja nyumbani Jumamosi pamoja na mkewe; fundi amenenepa, na analalamika juu ya mgongo wake kama mtu yeyote mzima. Aliomba atajwe miongoni mwa ndugu. Hakuna aliyepinga.

Pumzika. Siku zote tutakazojaliwa, utakuwa nasi mioyoni.